Neno Alilolisema Madam Wanjiku Kwenye Simu

Majuzi nilikuwa saluni, Malindi, kichwa nimekiinamisha, msichana anayenisuka akaniambia, "Auntie, mvi zimeanza huku mbele. Nikuwekee dai?" Akafungua kikopo, na ile harufu kali, kama ya siki na chuma kilicholowa, ikanipanda puani. Nilijikuta nimeng'ang'ania mikono ya kiti. Msichana wa watu akadhani nimekasirika kwa kutajiwa mvi, akaanza kuniomba radhi. Angejuaje? Wenzangu wa rika langu, mliosoma shule kama zetu, labda mtanielewa. Yako maneno ya Kiingereza tuliyoyajua kwa kuyaimba darasani, na yako machache tuliyoyajua kwa hofu. Hayo machache hayatoki mwilini.

Tulikuwa tumehamia Garsen baada ya mto kula shamba letu. Kwetu hasa ni juu, upande wa Hola, na tulikuwa watu wa kulima ukingoni mwa mto tu, migomba, mahindi na maembe machache. Mafuriko yalipoondoka na vyote, Baba alikodi chumba cha udongo nyuma ya maduka ya Garsen, akatuweka hapo mimi, mdogo wangu Jilo na Mama, akaenda Mombasa kutafuta kibarua. Mwanzoni alikuwa akija. Halafu akawa anapiga simu tu, kwenye duka la Mama Ifrah, Msomali aliyeuza sukari, unga na mafuta ya taa mbele ya kwetu. Halafu hata simu zikaanza kuchelewa. Mama alitafuta ukindu, akaanza kusuka mikeka.

Uani kwetu palikuwa na sufuria kubwa nyeusi isiyopikiwa chakula. Mama aliteleka humo maji, akamwaga rangi ya unga, zambarau, kijani au nyekundu, akazamisha ukindu mpaka ukalewa. Mvuke wake ulichoma macho. Mama alikoroga kwa mti mrefu, uso ameugeuza pembeni, leso ameifunga puani, na jioni vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye kucha. Nilikuwa nimezoea. Ilikuwa kazi ya Mama kama ilivyo kazi ya mtu mwingine kukaanga mahamri.

Aliyenunua mikeka ni Madam Wanjiku. Alitoka Nairobi, akashukia Garsen kila baada ya muda na viatu vya mpira na chupa yake ya maji, akakagua mikeka akiigeuza huku na huku. "Mama Dhadho, hii colour imeshika poa sana," angesema. Dhadho ni mimi. Colour nililijua, lilikuwa kwenye kitabu. Madam alinipenda, aliniletea peremende, lakini mimi sikumpenda, kwa sababu alikuwa na tabia moja. Akiwa na jambo la kusema mbele yetu bila sisi kulielewa, aliingia kwenye Kiingereza kama mtu anayeingia chumbani na kurudisha mlango. Nikajiapia nitaufungua mlango huo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Chara, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Muhula ule alianza kutuandikia ubaoni maneno mawili mawili. Live na leave. Ship na sheep. Quiet na quite. Akatuambia tuyaseme. Sisi, watoto wa Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama, kila mmoja na ulimi wa mama yake, tukayasema yote sawasawa.

"Mnaona?" akasema. "Mtu anaweza kukwambia anakuja kuishi kwako, wewe ukasikia anaondoka, ukamfungia mizigo. Kiingereza kina hila. Usiliamini neno mpaka umjue pacha wake."

Akaendelea na borrow na lend, ambayo kwetu yote ni kuazima. Ifrah, binti wa Mama Ifrah, aliyekaa dawati moja nami, akauliza Mzungu alipata faida gani kuyatenganisha. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuyatazama maneno kama unavyomtazama mtu anayezunguka boma lako bila kupiga hodi. Nikisikia neno najiuliza, huyu pacha wake yuko wapi, na kwa nini amejificha?

Basi alasiri moja Madam Wanjiku alikuwa kwetu. Mama alikuwa kwenye sufuria yake. Madam akapigiwa simu, akaenda nyuma ya nyumba, karibu na uzio wa makuti, mahali pekee ambapo simu zilishika vizuri. Upande wa pili wa uzio nilikuwa mimi, nimechuchumaa, nasugua sufuria za chakula kwa majivu. Niliacha kusugua.

Alizungumza haraka, mengi yakanipita. Kisha, labda kwa sababu aliyekuwa upande wa pili hakumsikia, akapunguza mwendo na kupaza sauti. "Hadija is dying alone," alisema. Hadija ni Mama. Akasikiliza kidogo. "Her daughter doesn't know yet." Akasikiliza tena, akapumua. "I think we must find another woman."

Nilikuwa na maneno yote. Hakuna hata moja nililokosa, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana siku zote nilikuwa nikitamani kuelewa sentensi nzima ya Madam. Hadija anakufa peke yake. Binti yake hajui bado. Nadhani itabidi tutafute mwanamke mwingine.

Nilirudi uani na sufuria zenye majivu. Mama akanitazama. "Ndiyo umeosha hivyo?"

"Mama, unaumwa?"

"Nani kasema?"

"Nauliza tu."

"Nenda kaoshe vyombo, Dhadho. Usiniletee maneno."

Hakusema hapana. Hilo nililibeba. Mtu mzima akiulizwa anaumwa naye haumwi, husema haumwi. Mama alisema nani kasema.

Tangu siku ile nikawa sichezi. Nilimfuata Mama kwa macho. Kila kitu nilichokuwa nimekiona miezi yote kikageuka upande wa pili, kama mkeka unapogeuzwa ukaona mafundo. Vile vidole vyeusi. Kile kikohozi cha asubuhi. Mara mbili tatu alikuwa ameenda hospitali, akasema ni macho yanamuwasha, akarudi na tyubu ndogo ya dawa. Nani anakwenda hospitali kwa kuwashwa? Wali aliutia kwenye sahani zetu, mimi na Jilo, yeye akakwangua ukoko na kusema hana njaa. Nikamhesabia yote hayo kuwa ni ugonjwa. Leo najua mengine yalikuwa ni uhaba tu.

Kisha akaja Mjomba Buya, ndugu yake Mama, kutoka kwetu juu. Walikaa chumbani mchana, mlango wameurudisha, joto lote lile. Nilisimama dirishani na Jilo mgongoni, nikajifanya nambembeleza.

"Nimechoka, Buya," Mama alikuwa akisema. "Siwezi kuendelea hivi. Nimeshakata shauri."

"Na watoto?"

"Watakaa kwa mama. Nani mwingine atawachukua?"

"Babao anajua?"

"Atajua yakishapita."

Wakati wa kuondoka Mjomba alinishika kichwa, akakishika kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akabeba mfuko ambao Mama alikuwa ameutia nguo zetu za Idi na ile birika ya harusi. Nikaelewa. Mama anagawa vitu.

Nilimwambia Ifrah, kwenye kivuli cha duka lao, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mchele.

"Wallahi?" Ifrah aliuliza.

"Wallahi. Madam amesema kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza?" Hapo akaamini. Jambo lililosemwa kwa Kiingereza lilikuwa na muhuri. Akaanza kulia kabla yangu, na kulia kwake ndiko kulikoniliza. Nilimwambia asimwambie mtu. Alikubali kwa kichwa, na kabla ya magharibi mama yake alikuwa ameshajua.

Mama Ifrah alikuja kesho yake na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Alikuwa mwanamke mnene, mkali dukani, ambaye hajawahi kumpa mtu kitu bila kukipima. Aliketi kwenye kigoda, akamtazama Mama akikoroga ukindu, akashusha pumzi.

"Mama Dhadho, wewe acha kazi. Pumzika."

"Nikipumzika nitakula nini?"

"Mimi nasikia yote. Mungu apatie wewe subira."

Mama aliacha kukoroga. Nilikuwa mlangoni, nikamwona usoni, na sikuwahi kumwona vile, kama mtu aliyekamatwa. "Umesikia nini? Nani amekwambia?"

"Haina haja nani. Dunia ni hivyo. Kila mtu itaondoka."

"Lakini mimi hata siku sijaamua bado," Mama akasema kwa sauti ya chini.

Mama Ifrah alimkodolea macho. "Siku? Siku mtu haiamui, Mama Dhadho. Siku iko kwa Mungu."

"Ya Mungu ni ya Mungu, lakini namngoja Buya apate lori."

Mama Ifrah aliinuka akiomba dua chini ya pumzi. Naamini aliondoka akidhani ugonjwa umeshafika kichwani. Mama naye alibaki amesimama na mti wake mkononi, akitutazama sisi, uzio, nyumba za majirani. Sasa tukawa wawili tunaoshuku. Wanawake walipita mmoja mmoja, huyu na samaki, huyu na ndizi, wakimshika Mama mkono kwa mikono miwili, na Mama akiwajibu kwa mkato, akijiuliza nani aliyemsaliti. Usiku alifunga mlango kwa komeo na kuegemeza kinu. Nikadhani anamzuia Malaika wa mauti.

Kumbe Mama Ifrah alipotoka kwetu alimpigia Baba simu.

Alifika Ijumaa, na basi la kwenda Lamu, jua limesimama wima. Nilimwona akivuka barabara kwa kukimbia, yeye ambaye kila alipokuja huko nyuma alitembea kama ana deni na kila duka. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa ndefu. Mfuko wa plastiki aliukumbatia kifuani kama mtoto. Mama Ifrah, Ifrah na majirani wawili wakamfuata nyuma bila kusema, kama watu wanaofuata jeneza.

Aliingia uani akasimama. Mama alikuwa kwenye sufuria, leso puani, mikono zambarau mpaka kwenye viwiko, akiinua fungu la ukindu linalotona maji. Wakatazamana.

"Hadija," Baba akasema. Akakaa chini pale pale mchangani. "Uko hai."

"Nikuulize wewe," Mama akasema. "Wewe uko hai? Maana mwaka mzima sijui."

"Nimeambiwa unakufa."

"Nani anakufa?"

Ikawa kila mtu anamtazama mwenzake. Mama Ifrah akasema ameambiwa na Ifrah. Ifrah akaninyooshea kidole. Nikasema aliyesema ni Madam, kwa simu, na mimi nimesikia kwa masikio yangu, neno kwa neno, na nikayasema maneno yote kwa Kiingereza. Baba akafunika uso. Mama hakufahamu hata neno moja, lakini jina lake alilisikia.

"Mpigie huyo mwanamke," akamwambia Mama Ifrah.

Simu ikapigwa, ikawekwa spika, tukaizunguka. Mama Ifrah akaeleza kwa ukali. Upande wa pili Madam Wanjiku akapiga ukelele. "Woi! Nani amekufa? Mama Dhadho, unanisikia? Hapana! Nilisema dyeing! Dyeing ni kutia rangi! Nilikuwa naambia ofisi unatia rangi peke yako, mtoto hajajua hiyo kazi, tukutafutie mama mwingine akusaidie!" Akaanza kucheka, akashindwa kuacha, simu ikawa inacheka katikati yetu. Jirani mmoja akacheka, Ifrah akacheka huku akipangusa machozi. Mimi niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine. Sikuamini. Maneno mawili yenye sauti moja kabisa, moja kifo na moja rangi? Hata live na leave mwalimu alituonyesha tofauti ukinyoosha mdomo. Nikawaza Madam anatoroka kwa hila ileile.

Mama hakucheka. Alimtazama Baba aliyekuwa bado mchangani.

"Kwa hiyo ni hilo tu linaloweza kukuleta," akasema.

Mama akaniambia nimpokee baba yangu mzigo, kama adabu inavyotaka. Nikauchukua ule mfuko, naye akauvuta kidogo, kisha akauachia. Ulikuwa mlaini. Nilidhani ni gauni. Nikaufungua mbele ya wote, nikatoa kitambaa cheupe, kipya, kirefu, kilichokunjwa vizuri sana, na kilipoendelea kufunguka bila mshono wala ua wala pindo, majirani wakaanza kutafuta njia ya kutokea.

Hata mimi nilikijua. Nilikiona alipozikwa babu.

"Sanda," Mama akasema. Akanipokonya, akakipima kwa mikono yake ya zambarau, ikabaki alama ya vidole. "Miaka yote hii hukuwahi kuniletea leso hata moja. Nguo yako ya kwanza kuniletea ndiyo hii."

"Niliambiwa hufiki Ijumaa, Hadija. Nilisema angalau nisifike—"

"Ni ya nani?"

"Nini?"

"Kitambaa. Ulikinunua ni cha nani?"

"Chako."

"Haya. Changu." Akakizamisha chote ndani ya sufuria. Baba aliinuka akasema Hadija, hiyo ni sanda, haifanywi hivyo. Mama akakisukuma chini kwa mti, akakoroga. "Si umesema changu?"

Jioni ile walizungumza uani, tukiwasikia. Mama alimwambia wazi kuwa alikuwa anahama, anarudi kwa mama yake na watoto, na Buya anatafuta lori. Baba alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa nimeshakufa. Sina haraka."

Hatukuhama. Mjomba Buya alipokuja na lori alikuta Baba anakanda udongo kuziba nyufa za ukuta, akageuza, amekasirika kwa safari ya bure. Kile kitambaa kilitoka zambarau iliyokolea, yenye mawimbi mepesi pale kilipokunjika, na Mama akakifanya pazia la mlangoni. Kila Baba alipotaka kuingia ndani ilimbidi akisogeze kwa mkono wake. Sijui kama Mama alikusudia hivyo. Sikumuuliza. Jozi ile ya die na dye mwalimu aliifikia muhula uliofuata, na alipoiandika ubaoni darasa zima likageuka kunitazama.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Baba kwa nini hakuleta daktari, au dawa, au hata machungwa. Alifikiri kidogo. "Mwanangu, mimi nilikuwa siji kwa sababu sina kitu mkononi. Mwanamume anashukaje kwenye basi mikono mitupu, watu wote wa barabarani wanamwangalia? Siku ile nilikuwa na cha kubeba." Lilikuwa jibu zuri. Zuri mno, na mimi jibu zuri mno hunifanya nijiulize limetayarishwa tangu lini. Siku nyingine Mama aliamini alikuja kwa sababu alimpenda. Siku nyingine aliamini alikuja ili amzike yaishe. Aliishi na yote mawili, akampikia chai mtu yuleyule.

Alikaa nasi mpaka mvua zilipokwisha, akarudi Mombasa, na safari hii akawa anakuja kweli. Nami kila nilipoliona basi linapunguza mwendo nilikuwa wa kwanza kufika barabarani. Nilimwamkia, nikampokea mfuko, nikatangulia nao mbio nyumbani, huku vidole vyangu vikiuminyaminya njiani, vikitafuta ulaini wa kitambaa. Baba alinisifia kwa watu kwamba hajaona mtoto mwenye adabu kama mimi. Mama alikuwa anajua. Angeendelea kukoroga sufuria yake bila kugeuza kichwa, na kabla Baba hajaingia uani angeniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna nini leo?"

"Sukari na sabuni."

"Basi mpe kiti."